Mlingoti Uliogeuka

"Jua likigusa bahari, dokta, kazi yako imekwisha. Inaanza yetu," alisema Sabas Ipuana, akaiegemea bunduki yake kama mtu anayeegemea fimbo.

Zunilda Brito, mpelelezi wa serikali anayeitwa dokta kama kila mwenye cheo huko, alilitazama jua. Alikuwa ametoka mjini Riohacha alfajiri, barabara nzima ni mashimo na vumbi, na mpelelezi mwenzake alikataa kuja kwa kisingizio cha tumbo. Mbele yake palikuwa na kilima kimoja kikavu, mlingoti mmoja wa kupimia upepo, na watu wenye silaha waliokaa chini ya banda huku wakimtazama bila kumkaribisha kahawa. Hapo Jotomana mgeni asipopewa kahawa, anajua amefika wakati gani.

Aliyepotea ni Tulio, mpwa wa Sabas, mlinzi wa mlingoti huo. Jumanne asubuhi alipanda kilimani na chupa yake ya maji, hakushuka tena. Sasa ilikuwa Jumapili. Ukoo wa Ipuana ulikuwa umeshamtaja muuaji, naye ni Nemesio Pushaina, jirani wa ng'ambo ya korongo. Mpeleka neno, yule mzee wa kofia pana anayetumwa kati ya koo ili watu wasemezane kabla ya kumwaga damu, alikwenda kwa Nemesio mara mbili akarudi mikono mitupu. Asubuhi hiyo alikuwa amefunga virago vyake na kuondoka.

"Nipe mpaka jua lizame," Zunilda alikuwa amemwambia Sabas.

"Nimekupa kwa sababu mama yako alikuwa wa ukoo wa Jusayú. Si kwa sababu ya hicho kitambulisho chako."

Basi walipanda kilimani. Nyuma yao alipanda Osnaider, fundi wa kampuni iliyousimamisha ule mlingoti. Zunilda alimpitia mjini Uribia akiwa njiani. Fundi huyo alikuwa mzaliwa wa jiji la Barranquilla, lakini amekaa mkoa huu wa Guajira miaka mingi, anakula mbuzi na damu yake bila kukunja uso. Aliombwa aje na pikapu ya kampuni, akasema iko gereji, kwa hiyo alikaa kiti cha mbele kwenye gari la Zunilda na kuongea njia nzima.

"Mimi naona tunapoteza muda, dokta," alisema akihema. "Mitambo ilinyamaza tangu Alhamisi. Ofisini wanasema kijana kauza betri, kavuka mpaka. Saa hizi yuko Maracaibo anakunywa bia."

Sabas aligeuka. "Rudia hilo neno."

"Si langu, mzee. La ofisini."

"Fungua sanduku," alisema Zunilda.

Sanduku la mitambo lilikuwa limefungwa kwenye mlingoti, usawa wa kifua, la chuma cheupe chenye kung'aa, na juu yake kioo cha kunasa jua. Osnaider alilifungua. Betri ilikuwa mahali pake, waya zake zote zimeshikwa.

"Basi hajaiuza," alisema Zunilda.

"Imekufa, lakini." Osnaider aliigusa na kipimo chake. "Kavu kabisa. Betri hufa, dokta. Hata sisi tunakufa."

"Nieleze mlingoti huu unasimamishwaje. Kama unavyomwambia mtu asiyejua kitu."

Osnaider alichangamka, maana ndiyo kazi yake. Unachimba, akasema, unalaza bamba la chuma, unaliweka sawa kwa pima maji. Mlingoti unafungwa bawaba kwenye bamba ukiwa bado umelala chini. Kule juu unafunga vikombe vya kupimia upepo na mshale wake, huku chini sanduku. Kisha vigingi vitatu, mbali na mguu, kila kimoja na waya wake, umebanwa kwa vibano vya chuma. Waya mbili zinakaa pembeni ili usiyumbe. Wa tatu ndio unaovutia mpaka usimame, na ndio unaoachia pole pole siku ya kuulaza.

"Watu wangapi?"

"Wanne. Watatu kwenye waya, mmoja mguuni. Ukipungua mmoja, omba Mungu."

"Na unatazama upande gani?"

"Mlango na kioo vinatazama kusini, kwenye jua. Daima. Mimi natumia dira, situmii macho."

"Huu uliusimamisha wewe?"

"Mwenyewe, kabla ya Pasaka. Waya zote siku moja, vibano vyote kwa mkono wangu. Toka siku hiyo sijakanyaga hapa."

Zunilda aliuzunguka mlingoti polepole. Chumvi ya bahari hainyamazi Guajira. Waya mbili zilikuwa zimeota kutu ya rangi ya mdalasini. Wa tatu ulikuwa unang'aa kama sindano. Aliupitishia kidole, akakitazama kidole, akakipangusa kwenye suruali.

"Niletee ule waya uliopatikana kwa Nemesio," alimwambia Sabas.

Sabas aliutoa kwenye mfuko wa kusuka. Vijana wake waliukuta Ijumaa, umefungia lango la zizi la mbuzi la Pushaina. Kwao huo ulikuwa ushahidi tosha: waya wa mlingoti umekatwa, mlinzi hayupo, na aliyenao ndiye mwenye kosa. Zunilda aliuchuchumalia. Ulikuwa na kutu ile ile ya mdalasini. Ncha moja ilikuwa na kitanzi. Ncha ya pili ilikuwa imechunika, ina michubuko mirefu myeupe kama mti uliovutwa gome.

"Huu haukukatwa," alisema.

"Umefanyaje basi, umeng'atwa?"

Zunilda alimtazama Osnaider. Osnaider alikuwa amefunga sanduku na anatazama bahari.

"Ngoja nikavuke korongo," alisema Zunilda.

* * *

Nemesio Pushaina alikuwa amekaa nje ya nyumba yake juu ya kiti cha plastiki, ananoa kisu cha kuchunia mbuzi. Nyumba ilikuwa kimya. Hakukuwa na mtoto, wala kuku, wala moshi.

"Wamekwenda kwa shemeji," alisema kabla hajaulizwa. "Wote isipokuwa mama yangu. Hawezi kutembea. Karibu, dokta, kahawa sina, aliyekuwa anapika nimemfukuza kwa usalama wake."

"Hicho kisu cha nini?"

"Cha mbuzi. Sabas ana bunduki, atanichekea nikimwendea na kisu."

"Uligombana na Tulio."

"Kila mtu aligombana na Tulio. Nilikuwa nafunga mbuzi wangu kwenye vile vigingi vya mlingoti. Vigingi vizuri, havichomoki, vimekaa bure. Yeye akazikata kamba. Nikamtukana. Akanitukana. Akanitajia mama, nikamtajia mjomba. Tukaishia hapo."

"Akakata kamba zako, na wewe ukakata waya wake."

Nemesio aliacha kunoa. "Dada, nikuulize na mimi. Ningemuua mtu, halafu nichukue waya wa pale alipofia, nifungie lango langu, upande wa njia, kila apitaye auone? Mimi nina sura ya mjinga, sikatai. Lakini mjinga kiasi hicho?"

"Uliupata wapi?"

"Kwenye korongo. Jumatano asubuhi natafuta mbuzi jike wangu mweupe. Umetupwa kwenye miiba, na vibano vyake viwili. Nikasema Mungu kanipa."

"Nionyeshe."

Walishuka korongoni. Hapo palikuwa na mchanga uliokauka baada ya mvua ndogo ya Jumatatu, na juu yake alama za matairi, mapana, ya gari zito. Mahali pamoja gari lilikuwa limesimama na kuzama, likafukuliwa kwa mikono mpaka likatoka. Kwenye miti ya miiba karibu na hapo vilining'inia vile vibano viwili; Nemesio alikuwa ameviacha, havikuwa na kazi kwake. Zunilda alivitia mfukoni.

"Gari hili uliliona?"

"Nililisikia. Jumanne, wakati mbuzi wanarudi. Nilidhani watu wa petroli ya magendo. Watu wa petroli huwachunguzi ukipenda kuishi."

"Kwa nini hukumwambia mpeleka neno?"

"Aliniuliza nimemwua Tulio? Nikamjibu hapana. Akaniuliza nani basi? Nikamjibu sijui. Hakuniuliza kama nimesikia gari." Nemesio alitema mate mchangani. "Na ningesema gari, Sabas angesema Pushaina kaota."

Alimsindikiza mpaka ukingoni mwa korongo.

"Jua likikaribia nitakuja mwenyewe huko kwao," alisema. "Mikono mitupu. Sitaki wanikute nyumbani. Mama yangu asione. Ukiweza kufanya kitu, fanya, dokta. Usipoweza, waambie wapige hapa." Akajigusa kifua. "Si usoni. Mama atataka kuniangalia."

* * *

Zunilda alirudi Jotomana jua limeshaanza kushuka. Vijana chini ya banda walikuwa wanapakia risasi, na hakuna aliyekuwa anatania tena. Alipita katikati yao akaingia jikoni kwa Ercilia, mama yake Tulio.

Jiko lilikuwa la wazi, kuta za nusu, paa la mbao za mti wa miiba. Ercilia alikuwa anakoroga uji mchachu wa mahindi usiokuwa na mnywaji. Rozari ilikuwa shingoni, na kichwani kitambaa cheusi alichokivaa, alivyosema, kwa ajili ya jua tu.

"Kaa, mwanangu. Wamekunyima kahawa, eti? Mimi nitakupa. Nyumba hii bado ni yangu."

Zunilda alikaa akapokea kikombe.

"Mama, Tulio alikuja na mtu yeyote Jumanne? Alitaja mgeni?"

"Alisema tu kuna kazi, atachelewa. Nikamwekea chakula. Kiko pale." Chungu kilikuwa kimefunikwa. Inzi walikuwa juu ya kifuniko. "Hajanijia ndotoni. Mtu akifa huja, humwambia mama yake. Yeye hajaja. Kwa hiyo bado nangoja. Sabas ananiona mjinga."

"Hakuna aliyesema hivyo."

"Hasemi. Lakini anapakia risasi." Ercilia aliacha kukoroga. "Kitu kimoja tu kinaniogopesha. Ile taa yake imezimika."

"Taa gani?"

"Si taa. Lile sanduku la kilimani. Kila jua likitaka kuzama, mlango wake unamulika hapa hapa jikoni, kwenye ukuta huu. Tulio alikuwa ananichekea, anasema mama, huyo ni mimi nakusalimia. Nilipikia mwanga huo tangu Pasaka. Jumatatu ulikuja. Jumanne niliungoja haukuja. Jumatano haukuja. Nikasema, Mungu wangu, mwanangu kazimwa."

Zunilda alikiweka kikombe chini. Alitazama ukuta. Juu ya udongo palikuwa na alama ya mkaa, mstari mdogo Ercilia aliokuwa ameuchora mahali mwanga ulipokuwa unaangukia. Kisha alitoka nje akatazama kilimani. Mlingoti ulikuwa umesimama wima, vikombe vinazunguka, jua liko pembeni yake. Anga lilikuwa jeupe, hakuna wingu la kulaumu. Sanduku halikumulika.

Alikuwa amesimama mbele ya mlango ule adhuhuri, jua la utosini, na hakujiuliza unatazama wapi.

"Mama," alisema, "usiwaache hawa waondoke mpaka nirudi. Hata ukilazimika kulala njiani."

"Umeona nini?"

"Nakuja kukwambia wewe kwanza. Nakuahidi."

* * *

Alimkuta Osnaider amelala ndani ya gari, kofia usoni. Alimwamsha kwa kugonga kioo.

"Twende juu."

"Tena? Dokta, jua hili..."

"Twende."

Kilimani upepo ulikuwa unapiga waya mpaka zinalia. Zunilda alimsimamisha Osnaider, mgongo kwenye mlango wa sanduku.

"Nyoosha mkono mbele. Unaonyesha wapi?"

Osnaider alinyoosha mkono. Uliishia baharini, kulia kwa jua.

"Kusini ni wapi?"

Mkono ulishuka polepole.

"Daima, ulisema. Kwa dira, si kwa macho. Kioo chako kinatazama baharini, hakipati jua la kutosha, ndiyo maana betri imekufa. Hakuna aliyeiba kitu."

"Upepo umeuzungusha."

"Bamba limefungwa boliti na waya tatu zimekazwa, upepo uzungushe mguu peke yake?"

"Basi Tulio kauchezea! Vijana hawa wanachezea kila kitu."

"Ili ugeuke lazima ulazwe, ugeuzwe, usimamishwe tena. Watu wanne, ulisema. Tulio aliwapata wapi wengine watatu?" Hakungoja jibu. "Au mtu mmoja mwenye pikapu yenye winchi ya kuvutia waya. Pikapu iliyozama korongoni Jumanne. Ile iliyoko gereji."

Osnaider alilamba midomo.

Zunilda alitoa vibano viwili mfukoni, akaviweka kwenye kiganja. "Waya mbili zina kutu tangu Pasaka. Wa tatu ni mpya. Wa tatu wa zamani niliushika leo, una kutu ile ile, haukukatwa, umechomoka ndani ya hivi. Vibano vyote kwa mkono wako, ulisema."

"Niliviweka kinyume," alisema Osnaider.

Sauti yake ilikuwa ndogo mpaka upepo karibu uichukue.

"Upande wa kubana niliuweka kwenye ncha isiyobeba mzigo. Siku ile nilikuwa na haraka. Ulikaa miezi yote, dokta. Miezi yote! Jumanne wakanituma nibadilishe kikombe kimoja cha juu. Wamepunguza watu, nikaja peke yangu. Nikamwambia Tulio, shika waya wa pembeni, mimi nina winchi. Tukaulaza vizuri. Wakati wa kuusimamisha, ukiwa nusu, ule waya wa tatu ukachomoka kwenye vibano. Mlingoti ukaangukia upande wake."

"Alikuwa hai?"

"Hakusema hata neno. Nilimwita. Nilimwita sana, dokta."

"Moshi wa mama yake unaonekana kutoka hapa. Hukushuka kumwambia."

"Wewe unawajua hawa! Aliyekuwepo ndiye anayedaiwa, hata kama ni ajali, hata kama ni dereva tu. Mimi ni arijuna, si mtu wa hapa, nani angesimama upande wangu? Hata ofisini nilisema gari liliharibika, sikufika."

"Mpeleka neno angesimama. Kazi yake ni hiyo. Ungedaiwa, ndiyo. Ungemtuma, ungelipa, mama angelia, wangekukata jicho miaka kumi, na ungebaki hai. Miaka yote umekaa hapa hukujifunza hilo? Unakula tu mbuzi?" Zunilda alishusha sauti. "Sasa umewaachia maiti asiye na kaburi. Na ng'ambo ya korongo kuna mtu anakuja kufa kwa ajili yako, amekwisha niambia wampige wapi. Tulio yuko wapi?"

Osnaider hakunyoosha kidole. Alitazama tu chini, kwenye bamba la chuma walilosimama karibu nalo.

"Kwingine kote ni mwamba," alisema. "Hapa palikuwa pameshachimbwa. Bamba nililirudisha gizani, bila dira."

Zunilda alirudi nyuma hatua moja, akafanya ishara ya msalaba.

* * *

Alimwacha Osnaider mguuni mwa mlingoti, asiye na pa kukimbilia, akamwambia Ercilia kwanza, kama alivyoahidi. Mama alikuwa amekwisha anza kupanda kilima na wanawake wawili, na walikutana nusu ya njia. Ercilia hakupiga kelele. Alikivuta kitambaa cheusi kikafunika uso mzima, akaendelea kupanda.

Habari zilipomfikia, Sabas alipanda mbio, akampita kila mtu. Bunduki ilikuwa imeshainuliwa kabla hajafika. Osnaider alipiga magoti kando ya mguu wa mlingoti na kufumba macho. Zunilda alisimama katikati, bastola yake ikiwa bado kwenye ala, kwa sababu alijua haitasaidia.

"Toka, dokta."

"Mjomba, sikiliza."

"Nimesikiliza tangu asubuhi. Toka."

"Sabas," alisema Ercilia ndani ya kitambaa. "Mwanangu yuko chini ya hicho chuma. Kwanza atoke."

"Atatoka. Nimalizane na huyu kwanza."

"Ukimmaliza, nani ataulaza? Wewe unajua? Ukianguka tena uanguke juu yake mara ya pili?" Ercilia alimsogelea mpaka mtutu ukamgusa bega. "Hutamwaga damu nyingine juu ya mwanangu. Weka hiyo bunduki chini."

Sabas aliilaza bunduki juu ya mawe.

"Watu wanne," Zunilda alimwambia Osnaider. "Pasipo winchi. Inawezekana?"

"Inawezekana." Alikipima kigingi kwa macho. "Waya wa nyuma, ule wa tatu, uzungushwe mara mbili kwenye kigingi, uachiwe pole pole. Ndio unaobeba mzigo wote. Wawili pembeni wakaze. Mimi nakaa chini yake, naushika ukishuka. Lazima fundi awe mguuni."

"Chini yake?"

"Chini yake, dokta."

Sabas alikuwa amekwisha tembea hadi kwenye waya wa nyuma. Alivua shati, akalizungushia mikono. "Huu ni wangu," alisema.

Zunilda aliona, na kila mtu aliona. Hakukuwa na haja ya bunduki. Kuachia tu kulitosha.

"Wa pembeni mmoja nitashika mimi," alisema. "Wa pili?"

Vijana wa Ipuana walitazamana. Ndipo Ercilia alipogeuka upande wa korongo. Nemesio alikuwa amekwisha fika, amesimama mwanzo wa kilima, mikono wazi, amevaa shati safi. Hakuwa anajua lolote. Alikuwa amekuja kama alivyosema.

"Yeye," alisema Ercilia. "Mliyemtaja, yeye ndiye ashike."

Nemesio alielezwa kwa maneno machache. Hakucheka, wala hakutukana. Aliuliza tu, "Nishike vipi?"

Boliti zilifunguliwa. Skrubu za kukazia zililegezwa moja moja, Osnaider akiita kutoka mguuni: "Kulia kaza! Kaza, dokta! Nyuma, toa kidogo. Toa. Toa." Mlingoti uliinama. Vikombe kule juu viliendelea kuzunguka kana kwamba hakuna kilichobadilika. Waya ulimkata Zunilda viganja. Upande wa pili Nemesio alikuwa amechimba visigino ardhini, shati safi limelowa.

Ulipofika nusu, mahali pale pale ulipoanguka Jumanne, waya wa nyuma ulisimama.

"Toa," aliita Osnaider. Alikuwa ameinua mikono yote miwili, uzito wote uko juu ya kichwa chake. "Mzee, toa."

Sabas hakutoa. Alikuwa anamtazama fundi chini ya ule mti wa chuma. Shati lililozunguka mikono yake lilianza kulegea, mkunjo mmoja, kisha mwingine.

"Mzee. Kwa ajili ya Mungu."

Zunilda hakuweza kuachia waya wake ili amkimbilie; akiachia, mlingoti unaanguka. Nemesio vivyo hivyo. Watu wote wa kilimani walikuwa wamefungwa na ule mlingoti, na ufunguo ulikuwa mikononi mwa mtu mmoja.

Ercilia alitembea akasimama kando ya Osnaider, chini ya mlingoti, juu ya bamba.

Sabas alimwona. Kifua chake kilipanda na kushuka. Kisha waya ulilia kwenye kigingi na kuanza kutoka, kidogo, kidogo, mpaka vikombe vikagusa mawe na kuacha kuzunguka.

Wanaume walirudi nyuma. Huko aliyekufa kifo cha damu hatolewi na wanaume wa ukoo wake, wanawake ndio wenye kazi hiyo. Wale wanawake wawili walishika majembe, na Ercilia akapiga magoti akaanza kuchimba kwa mikono. Zunilda alimfunga Osnaider pingu, akamkalisha nyuma yake, akamfunika na mwili wake kadiri alivyoweza.

Kisha akaona kwamba Sabas bado ameshika waya. Ulikuwa umelegea, unalala mchangani kama uzi, na yeye ameukaza kifuani mpaka damu imepita kwenye shati.

"Mlingoti umeshalala, mjomba," alisema Zunilda. "Achia."

"Bado."

"Hauna mzigo tena."

"Nikiachia huu, dokta," alisema Sabas bila kumtazama, "mikono itatafuta bunduki."

Jua liligusa bahari. Hakuna aliyesogea. Kutoka shimoni ilisikika sauti ya Ercilia, si kilio bado, jina tu, alilitaja polepole kama mtu anayemwamsha mtoto.

Nemesio Pushaina alipangusa viganja kwenye suruali. Alivuka kile kiwanja cha mawe, akaenda kuketi chini kando ya Sabas, na akaushika ule waya pamoja naye.